Nakala mbili za data moja: jinsi programu inavyoafikiana na seva

Muuguzi wa zahanati anaandika jina la mgonjwa mpya kwenye kishikwambi, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na alama ya kusubiri inaanza kuzunguka. Mtandao unakatika. Anangoja kidogo, kisha anabonyeza tena, na safari hii programu inamwambia kuwa imepokea. Kesho yake orodha ya wilaya ina wagonjwa wawili wenye jina moja, umri mmoja na kijiji kimoja. Mmoja wao hajawahi kuzaliwa.

Kosa hilo si la muuguzi, na kwa kweli si la mtandao pia. Chanzo chake ni mahali ambapo programu iliyo mkononi mwa mtumiaji inakutana na seva iliyo mbali. Hujitokeza katika orodha za bidhaa, tiketi za mabasi na malipo ya simu kama linavyojitokeza hospitalini. Makala hii inaeleza jinsi pande hizo mbili zinavyounganishwa kwa mtindo uitwao REST, na pale ambapo muungano huo huchanika.

Ukurasa ulipoanza kuwa na data yake

Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1990 tatizo hili halikuwapo kwenye tovuti, kwa sababu kivinjari hakikuhifadhi kitu cha maana. Mtu alibonyeza kiungo, seva ikatunga ukurasa mzima upya na kuutuma, na ule wa awali ukatupwa. Data ilikuwa na makao mamoja tu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1999, kampuni ya Microsoft ilipotoa toleo la tano la kivinjari cha Internet Explorer. Ndani yake kulikuwa na chombo kilichokuja kujulikana kama XMLHttpRequest, kilichouwezesha ukurasa kuiomba seva data bila kujichora upya. Huduma ya barua pepe ya Gmail, iliyozinduliwa Aprili 2004, na ramani za Google za Februari 2005 ziliuonyesha umma kinachowezekana. Mwezi huo huo wa Februari Jesse James Garrett aliipa mbinu hiyo jina la Ajax.

Hapo ndipo nakala ya pili ya data ilipozaliwa, nayo ilizaliwa ovyo. Idadi ya barua zisizosomwa, mathalan, haikuwa na makao mengine kwenye kivinjari ila ile tarakimu iliyochorwa kwenye skrini. Ilipobadilishwa pembeni mwa ukurasa na kusahauliwa upande wa juu, mtumiaji aliona hesabu mbili zinazopingana.

Oktoba 2010 Jeremy Ashkenas alitoa maktaba ndogo ya programu iitwayo Backbone, iliyotokana na kazi ya mradi wa DocumentCloud wa kutunza nyaraka za waandishi wa habari. Wazo lake lilikuwa kwamba data iwekwe katika kitu cha peke yake, yaani modeli, kisichojua lolote juu ya skrini. Modeli inapobadilika hutangaza mabadiliko hayo, na kila sehemu ya ukurasa inayohusika husikia na kujichora upya.

Miradi mipya iliyo mingi haianzi tena na Backbone. Zimekuja Angular, React, Vue na nyinginezo. Hata hivyo namna ilivyoifunga modeli na seva ni wazi kuliko ya maktaba nyingi zilizoifuata, na ndiyo itakayotumika hapa kuwa mfano.

Mkataba wa anwani na vitenzi

Neno REST lilitungwa na Roy Fielding katika tasnifu yake ya udaktari aliyoiwasilisha mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, nchini Marekani. Fielding hakuwa mgeni katika fani hiyo. Alikuwa mmoja wa waandishi wa kanuni za HTTP 1.1, ambazo kwazo vivinjari na seva huzungumza, na mmoja wa waasisi wa mradi wa seva ya Apache.

REST si programu inayonunuliwa wala si kiwango rasmi. Ni seti ya masharti. Sharti moja linalosahaulika upesi ni kwamba seva isitunze kumbukumbu ya mazungumzo: kila ombi lije na kila kinachohitajika ili lieleweke. Ni kama mtu aendaye ofisini akiwa amebeba jalada lake lote. Karani yeyote aliyeko dirishani aweza kumhudumia, hata kama yule wa jana yuko likizo. Kwa sharti hilo seva moja ikizimika nyingine hupokea kazi pasipo mtumiaji kujua.

Sharti lililopata umaarufu zaidi ni lile la anwani na vitenzi vichache. Kila kitu kinachozungumziwa kina anwani yake: orodha ya wagonjwa ni /wagonjwa, na mgonjwa mmoja ni /wagonjwa/27. Anayetaka kusoma hutumia kitenzi cha GET. POST huongeza kitu kipya kwenye orodha, PUT huweka rekodi nzima mahali pa ile ya zamani, na DELETE hufuta. Machi 2010 kiliongezwa rasmi kitenzi cha PATCH, kinachobadilisha sehemu tu ya rekodi.

Backbone iliutekeleza mkataba huo kwa swali moja. Modeli ilipoamriwa kujihifadhi, ilijitazama: je, ina namba ya utambulisho iliyotoka kwa seva? Ikiwa haina, ilituma POST kwenye anwani ya orodha. Ikiwa inayo, ilituma PUT kwenye anwani yake yenyewe. Kujisomesha upya kulikuwa GET na kujiangamiza kulikuwa DELETE. Seva ilijibu kwa maandishi ya JSON, modeli ikayameza, na ikiwa ilikuwa mpya ikapata namba yake humo. Kabla ya hapo ilitumia jina la muda, kama c1 au c2, lisilotoka nje ya ukurasa.

Mpango huo ni mwepisi kiasi kwamba mtu mmoja aweza kuujenga kwa siku moja, ofisini, akiwa na mtandao usiokatika. Matatizo yake huonekana baada ya programu kutoka ofisini.

Mgonjwa wa pili alitoka wapi

Turudi kwa muuguzi. Ombi lake la kwanza laweza kuwa lilipotea njiani kuelekea kwenye seva, au laweza kuwa lilifika, rekodi ikaandikwa, kisha jibu ndilo likapotea njiani kurudi. Kwa kishikwambi hali hizo mbili hazina tofauti yoyote: zote ni kimya. Katika hali ya kwanza kurudia ni lazima. Katika hali ya pili kurudia kunazaa mgonjwa hewa.

Kanuni za HTTP zililitazama jambo hili zamani. Zinasema kwamba GET, PUT na DELETE zinaweza kurudiwa bila matokeo kuzidi yale ya mara ya kwanza. Kuweka rekodi ileile mahali palepale mara tatu ni sawa na kuiweka mara moja. POST haina ahadi hiyo. Na kwa bahati mbaya POST ndiyo inayotumika pale ambapo rekodi mpya inazaliwa, yaani pale ambapo marudio yana madhara.

Dawa iliyo imara ni kuiondolea seva kazi ya kutoa utambulisho. Kifaa chenyewe kinatunga jina la rekodi kabla ya kuituma, kwa kutumia UUID, ambayo ni namba ya biti 128 inayoandikwa kwa herufi na tarakimu 32 zilizotenganishwa na vistari vinne. Katika aina yake inayotungwa kwa bahati nasibu, biti 122 kati ya hizo huchaguliwa bila mpangilio, na uwezekano wa vifaa viwili kutunga ileile ni mdogo mno kiasi cha kutohitaji kuhofiwa. Baada ya hapo hata rekodi mpya hutumwa kwa PUT kwenye anwani yake, na muuguzi aweza kubonyeza mara kumi.

Afrika Mashariki ina ushuhuda wa karibu wa mbinu hii. OpenMRS ni mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, ukakulia katika kazi ya matibabu ya Virusi vya Ukimwi huko Eldoret, Kenya, na nchini Rwanda. Kila kitu ndani yake, awe mgonjwa, ziara au kipimo, kina UUID, nayo ndiyo inayoonekana kwenye anwani zake za REST. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na unaotumika pia Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, hutumia utambulisho mfupi wa herufi na tarakimu 11. Programu yake ya simu za Android huweza kuutunga ikiwa nje ya mtandao.

Katika malipo njia nyingine imezoeleka zaidi. POST inabaki, lakini programu huambatanisha ufunguo wa pekee kwa kila nia ya kulipa, nayo seva huukumbuka. Ombi la pili lenye ufunguo uleule hupewa jibu la lile la kwanza, na fedha hazikatwi tena. Kampuni ya Stripe ni miongoni mwa zinazotumia utaratibu huo. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ufunguo uzaliwe mteja anapoamua kulipa. Ukitungwa upya kila kitufe kinapobonyezwa haukingi chochote, na hilo ni kosa linalofanywa na watu wenye akili timamu.

Aliyeandika mwisho amfuta wa kwanza

Mgonjwa hewa angalau anaonekana. Hatari zaidi ni kosa lisiloacha alama.

Saa nne asubuhi tabibu na muuguzi wanaifungua rekodi ileile, kila mmoja kwenye kifaa chake. Tabibu anaongeza kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini na anahifadhi. Dakika mbili baadaye muuguzi, ambaye kifaa chake bado kina nakala ya saa nne, anasahihisha namba ya simu na kuhifadhi. PUT hupeleka rekodi nzima. Kwa hiyo rekodi ya muuguzi, isiyo na neno lolote juu ya mzio, inakaa mahali pa ile ya tabibu. Seva imewajibu wote wawili kwa namba 200, maana yake mambo ni shwari. Wote wawili wameona maandishi ya kijani, na onyo la penisilini halipo tena.

Kutumia PATCH hupunguza hatari hiyo kwa kuwa muuguzi angetuma namba ya simu peke yake, ila haiondoi. Wawili wakigusa sehemu ileile, wa mwisho bado anashinda.

Kinga kamili imo katika HTTP tangu miaka ya 1990. Seva inapotoa rekodi huambatanisha alama ya toleo iitwayo ETag. Programu huitunza pamoja na modeli, na inapotuma mabadiliko huirudisha katika maelezo ya If-Match, ikiwa na maana kwamba mabadiliko yapokewe iwapo tu rekodi ingali katika toleo lile. Kama mwingine ametangulia, seva hujibu 412 na kukataa. Mwaka 2012 iliongezwa namba 428, ambayo seva huitumia kumkatalia anayejaribu kuandika bila kutaja toleo kabisa.

Backbone yenyewe haikulishughulikia jambo hili. Mtunga programu alipaswa kuongeza maelezo hayo kwa mkono, na wengi hawakuongeza. Hali haijabadilika sana kwa maktaba zilizofuata.

Swali gumu linakuja baada ya 412. Programu ifanye nini? Ikirudia kutuma kwa alama mpya bila kuuliza, imeifanya kinga kuwa bure. Inapaswa kusoma toleo jipya, kulilinganisha na mabadiliko ya mtumiaji, kuunganisha yasiyogongana na kumwonyesha mtu yale yanayogongana. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na ndiyo maana mifumo mingi huishia kwenye kanuni ya kwamba wa mwisho ndiye mshindi. Kwa rangi ya skrini kanuni hiyo haina neno. Kwa mzio wa dawa haikubaliki.

Masafa na nyaya

Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kilomita zipatazo 6,800 kwa mstari ulionyooka, hivyo ombi na jibu lake haviwezi kutumia chini ya milisekunde 68, na kwa kuwa nyaya hupinda kuzunguka bara na bahari muda halisi ni mkubwa zaidi. Hakuna kompyuta yenye kasi itakayobadilisha hilo.

Katika modeli hesabu hiyo ina athari ya moja kwa moja. Chukua ukurasa unaosoma orodha ya wagonjwa 200, kisha ukamsomea kila mmoja ziara zake kwa ombi lake peke yake. Hayo ni maombi 201. Yakifuatana moja baada ya jingine, safari peke yake inakula karibu sekunde 14 kabla seva haijafanya kazi yoyote. Mtunga programu aliye na seva kwenye meza yake hataliona tatizo hilo kamwe. Nafuu ni seva kukubali kutoa ziara ndani ya jibu la orodha, na kuigawa orodha ndefu kwa kurasa.

ETag ina faida hapa pia. Programu ikiuliza kama rekodi imebadilika tangu toleo fulani, na haijabadilika, seva hujibu 304 bila mwili wowote. Kwa anayenunua bando la data kwa megabaiti, tofauti hiyo inahesabika kwa shilingi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitegemea setilaiti hadi waya wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi ilikaribia nusu sekunde kwa kila ombi. Nyaya ziliondoa adha hiyo, ila hazikuondoa kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa wakati mmoja kusini mwa pwani hiyo, na nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, zikapata intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Programu ambayo kila kitufe chake husubiri seva ya Ulaya haikuwa na la kufanya.

Foleni ndani ya kifaa

Kwa sababu hiyo programu za nyanjani hazitumi moja kwa moja. Huandika kwanza katika hifadhi ya kifaa, ambayo kwenye vivinjari ni IndexedDB, huonyesha matokeo papo hapo, na kuweka ombi katika foleni itakayotumwa mtandao ukipatikana. Kulandanisha, yaani kuzifanya nakala mbili zifanane, kunakuwa kazi ya nyuma ya pazia.

Modeli katika mpango huu haitoshi kuwa na data tu. Lazima ijue hali yake: kama ni mpya, imebadilishwa, iko njiani, imekubaliwa au imekataliwa. Foleni nayo ina adabu zake. Ziara haiwezi kutangulia mgonjwa wake, kwa hiyo mpangilio unalindwa. Seva ikijibu kwa namba za 500, au isipojibu, programu hungoja na kujaribu tena kwa vipindi vinavyorefuka, ili vishikwambi mia vilivyorudi mtandaoni kwa pamoja visiiangushe seva iliyotoka kuamka. Namba nyingi za 400 zina maana kwamba ombi lenyewe lina kasoro, na kulirudia mara mia hakutalirekebisha. Rekodi hiyo itengwe na mtu aelezwe. Namba 401 ni ya kuangaliwa kwa makini: kibali cha mtumiaji kimekwisha muda. Programu nyingi humrudisha mtu kwenye ukurasa wa nywila na, kwa uzembe, hufuta hifadhi ya kifaa pamoja na kazi ya siku nzima ambayo bado haijatumwa.

Kuna pia suala la ukweli wa maneno. Rekodi ikiwa kwenye kifaa tu, maandishi ya skrini yasiseme imehifadhiwa. Yaseme iko kwenye kifaa na bado haijatumwa. Muuguzi aliyeonywa hivyo hatakiacha kishikwambi kwenye droo mpaka Jumatatu.

Kufuta, tarehe na namba ndefu

Kufuta kunaonekana rahisi kwa vile kitenzi chake ni kimoja na hakina mwili. Ugumu unatoka kwa kifaa cha tatu, kilichokuwa nje ya mtandao rekodi ilipofutwa. Kikirudi na kuituma nakala yake kwa PUT, marehemu anafufuka. Mifumo mingi kwa hiyo haifuti kweli. Huacha alama ya kaburi inayosema rekodi hii ilikuwapo na imeondolewa. OpenMRS, kwa mfano, ikipokea DELETE huitia rekodi alama ya kubatilishwa na kuitunza, na kuiondoa kabisa ni amri nyingine inayotolewa kwa makusudi.

Tarehe ni mtego mwingine. JSON haina aina maalumu ya tarehe. Ni maandishi tu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Machi 2023 huko Mwanza huandikwa na programu zisizo makini kuwa amezaliwa saa sita usiku ya kuamkia siku hiyo, kwa saa za Afrika Mashariki. Seva, inayotunza saa za dunia, hurudisha nyuma saa tatu, na kwayo mtoto anakuwa amezaliwa saa tatu usiku ya tarehe 4. Mtaalamu anayeifungua rekodi hiyo London wakati wa baridi anaona tarehe 4, na ratiba ya chanjo inasogea siku moja. Tarehe ya kuzaliwa haina saa, na inapaswa kutumwa kama mwaka, mwezi na siku basi. Saa za matukio halisi zitumwe kwa saa za dunia, na kugeuzwa kuwa saa za Kiswahili kwenye skrini peke yake.

Namba nazo zina ukomo. JavaScript, lugha ya vivinjari, huhesabu kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991. Juu ya hapo tarakimu za mwisho huanza kudanganya. Mwaka 2010 kampuni ya Twitter, ambayo namba za ujumbe wake zilikuwa zinaelekea huko, ililazimika kuanza kuzituma pia kama maandishi. Modeli inayopokea utambulisho kwa namba ndefu yaweza kuusoma vibaya na kuandika juu ya rekodi ya mtu mwingine.

Nani wa kuaminiwa

Modeli kwenye kifaa inaweza kukagua data kabla ya kuituma, na ni vizuri ifanye hivyo. Inamwokolea mtu safari. Lakini ukaguzi huo ni hisani tu. Yeyote mwenye ujuzi kidogo aweza kutuma ombi bila kupitia programu, kwa hiyo seva ikague kila kitu upya.

Kosa kubwa zaidi katika eneo hili ni la kijinga. Mtumiaji aliyeruhusiwa kuona /wagonjwa/27 anabadilisha tarakimu moja, na seva inampa /wagonjwa/28 bila kuuliza kama ana haki. Shirika la OWASP, linaloorodhesha hatari za usalama wa programu, liliweka udhaifu huo katika nafasi ya kwanza kwenye orodha zake za mwaka 2019 na 2023 zinazohusu seva za aina hii. UUID hufanya anwani isibahatishwe kwa urahisi, na wapo wanaoridhika na hapo. Hawapaswi, maana anwani huvuja katika barua pepe na kumbukumbu za mitambo.

Inafaa kutajwa kwamba Fielding mwenyewe hakufurahia yote yaliyofanywa kwa jina la REST. Mwaka 2008 aliandika akilalamika kwamba mifumo mingi inayojiita hivyo inapuuza sharti la viungo, yaani majibu ya seva yamwonyeshe mteja pa kwenda badala ya mteja kuwa na orodha ya anwani kichwani. Kwa kipimo hicho Backbone, iliyojijengea anwani zake, isingepita. OpenMRS nayo hubadilisha rekodi iliyopo kwa POST badala ya PUT. Mifumo hiyo imefanya kazi kwa miaka mingi hata hivyo, na mtunga programu anayeunganisha modeli zake na seva iliyopo hana budi kusoma mwongozo wa seva hiyo kabla ya kukisia kwa kutumia tasnifu.

Jaribio la kukagua muungano huu halihitaji vifaa vya gharama. Seva ya majaribio iagizwe kupokea ombi, kuandika rekodi, kisha kukata mawasiliano kabla ya kujibu. Mtu abonyeze kitufe mara ya pili na kuhesabu rekodi. Kisha vifaa viwili vifungue rekodi moja, vibadilishe sehemu mbili tofauti, vihifadhi kwa kupishana sekunde chache, na vyote viwili visomeshwe upya ili kuona kama mabadiliko ya wote wawili yamo.